Big, large na great hazibadilishani hovyo, tupeni sentensi

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme langu kuhusu ile safu yenu ya kujifunza Kiingereza. Kwanza hongereni kwa kuiweka, maana najua watu wanaikata na kuitunza kabisa, ila toleo lililopita mmetoa kiboksi cha maneno yenye maana sawa na "big" mkapanga large, great, huge, enormous, vast, massive na immense mstari mmoja, mkato mkato, halafu basi, hakuna hata sentensi moja ya mfano. Sasa anayejifunza afanye nini hapo? Atachukua lolote linalomvutia, na mara nyingi atachukua lile refu kwa sababu linaonekana la kisomi.

Yanayosumbua watu zaidi ni yale matatu ya mwanzo. Kwa Kiswahili yote unaweza ukasema kubwa ukaeleweka, lakini kwa Kiingereza kila moja lina majirani zake. Kosa kubwa ni "a big mistake", ukisema "a large mistake" utaeleweka ndio ila anayeijua lugha atashtuka. Idadi kubwa ni "a large number", kiasi kikubwa ni "a large amount", na hapo big haikai vizuri hasa kwenye maandishi. Furaha kubwa "great pleasure", uangalifu mkubwa "great care", umuhimu mkubwa "great importance", hizo huwezi kuzigusa na large kabisa, mtu akiandika kwenye barua ya kuomba kazi kwamba ana "large pleasure" ameshajiharibia mstari wa kwanza tu. Ukitulia unaona mwelekeo: large inapenda vitu vya kupimwa na kuhesabiwa, saizi, eneo, idadi, na ndio hiyo herufi L unayoiona kwenye lebo ya shati, great inapenda vitu visivyoshikika kama hisia na sifa, na big ni ya mazungumzo ya kila siku, inabeba vitu vinavyoonekana pamoja na mambo mazito kama uamuzi au tatizo. Sio sheria ya chuma, lakini ukiishika inakuokoa mara nyingi.

Chukueni mtu mmoja muone. "A large man" ni mwili tu, mtu mnene au mpana. "A great man" ni matendo yake, hata awe mfupi kiasi gani. "A big man" inaweza kuwa mwili, inaweza kuwa cheo, mpaka usikie sentensi yenyewe. Kaka mkubwa ni "big brother" hata kama ni mwembamba na wewe umeshampita urefu, na dada mkubwa ni "big sister". Sasa mtu akifuata kiboksi chenu akaandika "my large sister" ameshamsema dada yake unene, na yeye hana habari, alitaka tu kusema ni mkubwa kwake kwa kuzaliwa. Hilo ndo linaniuma, mtu katukanisha ndugu yake kwa kutuamini.

Na sisi wenyewe jambo hili tunalo, mkubwa na mkuu. Mji mkubwa sio lazima uwe mji mkuu, mwalimu mkuu huwezi kumwita mwalimu mkubwa ukamaanisha kitu kile kile, na Great Lakes tumeziita Maziwa Makuu. Hakuna aliyetufundisha kwa listi, tulisikia yakitumika. (Ila muwe makini na Great Britain, watu wanadhani ni kujisifu kumbe "great" pale mwanzoni ilikuwa ya ukubwa wa kisiwa, kukitenganisha na Bretagne, eneo la kule Ufaransa.)

Kuhusu haya mengine yaliyobaki, mengi yalipita Kifaransa au Kilatini na yalikuja na mizigo yake, kama large yenyewe, maana Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066 na maneno ya Kifaransa yakamiminika, wakati great lilikuwepo tangu zamani, ni ndugu wa groß ya Kijerumani. Vast kwenye Kilatini ilikuwa kitu kitupu, pahali palipo ukiwa, na mpaka leo unaikuta na jangwa, bahari na anga, hutasikia mtu akisema ana "a vast dog". Massive ina uzito ndani yake, kama ukuta au jiwe. Enormous ilikuwa kitu kilichotoka nje ya kawaida. Halafu huge na enormous tayari zina "sana" ndani, kwa hiyo "very big" ni sawa lakini "very enormous" inasikika vibaya, wenyewe wanasema "absolutely enormous". Hili halikuandikwa popote kwenye kiboksi chenu na wanafunzi wanalikosea kila siku.

Listi tupu zina kazi yake sikatai. Daktari mmoja, Peter Mark Roget, alitoa kitabu chake maarufu cha visawe mwaka 1852 akipanga maneno kwa mawazo bila kueleza maana ya kila moja, lakini kitabu cha namna ile kinamfaa mtu anayeyajua maneno tayari ila limemtoka kichwani. Wasomaji wenu wengi ndo kwanza wanakutana nayo.

Kwa hiyo naomba, punguzeni idadi. Maneno matatu kwa toleo yanatosha, kila moja na sentensi mbili, moja inayokubali na moja inayokataa, na mseme linapenda kukaa na nani. Mkimaliza big njooni kwenye small na little, maana huko nako watu wanapotea: "a small house" unataja ukubwa wa nyumba tu, "a little house" mara nyingi umeshaweka na upendo au huruma juu yake, na idadi ndogo ni "a small number", little pale haiingii.

Msomaji wenu wa kila toleo