Wauza tiketi watuambie kama tiketi ni moja au ni mbili

Bwana Mhariri,

Yambo sana. Mimi ni muuza bilamba, yaani vitambaa vya nguo, kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na moja kwenye kibanda kile kile. Sijawahi kuandikia gazeti. Naandika leo kwa sababu ya jambo ambalo hakuna aliyetueleza kabla hatujatoa pesa: kwamba karatasi moja inaweza kubeba tiketi mbili zisizojuana.

Tulikuwa mama sita wa likelemba moja. Kwa kawaida likelemba ni kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, juma lijalo anapokea mwingine. Yetu hii hakupokea mtu. Kila Jumamosi dola 8, kwa miaka mitatu, zikaingia kwenye sanduku la Mama wa Mapasa, anayeuza unga wa mahindi kwa meka, kipimo chetu cha sokoni, na ambaye hajawahi kukosea hesabu hata ya faranga. Ukijumlisha unapata dola 1,248 kwa kila mama. Kuna majuma sikuuza hata pesi (kipande) moja ya kitenge, na dola 8 zikatoka kwenye chakula cha nyumbani. Watoto wangu wanajua. Walikula bukari (ugali) na lengalenga (mchicha) bila samaki ili mama yao aende Zanzibar.

Kwa nini Zanzibar? Ni wazo la Yaya wetu, yaani dada mkubwa wetu sote, ana miaka 68, alifundisha shule ya msingi kwenye mtaa wa Katuba maisha yake yote. Alikuwa akiwafundisha watoto kwamba njia ya misafara ilitoka pwani mpaka Bunkeya, hapa kwetu Katanga, kwa mfalme Msiri. Kwamba shaba, pembe za ndovu na watu walipita njia hiyo kwenda baharini, na Kiswahili kikaja kwetu kwa njia hiyo hiyo. Aliwafundisha pia kwamba msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kuichukua Katanga kwa ajili ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, uliondoka Bagamoyo mwezi wa Julai 1891 ukafika Bunkeya Desemba, na Msiri akauawa tarehe 20 ya mwezi huo. Miaka yote hiyo akiwa mbele ya ubao, bahari yenyewe hajaiona. Alituambia: “Nataka nione pale njia iliishia.” Hapo ndipo likelemba ilianza.

Tiketi tulinunua kwenye ajansi moja ya hapa mjini. Sitaitaja, wala kampuni za ndege sitazitaja, maana madai yetu bado yako mezani kwao na sitaki kuyaharibu. Kijana wa ajansi alitupa kila mmoja karatasi nzuri yenye majina yetu: Lubumbashi, mji wa kubadilishia ndege, Zanzibar, na kurudi. Saa zote zimeandikwa. Tukalipa, tukapiga picha na karatasi zetu mkononi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya mwezi wa nane. Kiangazi, baridi ya asubuhi, anga ya Luano, uwanja wetu wa ndege, haina hata wingu. Tulikuwa tumeshonesha kitenge kimoja sote sita. Ndege ilikuwa iondoke 13:10 na sisi tulifika saa tatu na nusu kabla. Tukalipa Go-Pass, kodi ya uwanja wa ndege, tukapita, tukakaa. Saa za kule tulikokuwa tukienda kubadilisha ndege ziko mbele yetu kwa saa moja; tulitakiwa kutua 17:00 za kule, na ndege ya pili iondoke 19:30. Tulijiona tuna muda wa kutosha.

Ilipofika 13:10 hakukuwa na ndege uwanjani. Tukauliza. “Ba mama, mungoje kidogo, ndege inakuya.” Saa 14:00 tukauliza tena, jibu likawa lile lile. Saa 15:00 lile lile tena, na yule binti wa mlangoni hakuwa akitutazama machoni.

Pembeni yetu alikaa kijana mmoja mwenye simu inayoonyesha ndege zinavyopita angani. Alitueleza kwa upole, kama mtoto anavyomweleza mama yake: ndege haitoki gereji kwa ajili yako. Asubuhi inapeleka watu mji mmoja, inarudi, inapeleka wengine, ndipo inakuja kwenu. Ikichelewa asubuhi, kila safari ya mbele inachelewa. Akatuonyesha kwamba tangu kabla ya saa sita ya mchana ndege yetu ilikuwa imekwama chini, huko ilikotakiwa kuondoka kuja Luano.

Nitakaa kidogo juu ya hili, Bwana Mhariri, maana ndilo linaloniuma. Ndege ni chuma, inaharibika, na mimi sitaki kupandishwa kwenye ndege isiyo nzima. Wangechelewa hata siku nzima kwa sababu hiyo ningewashukuru. Lakini kampuni ilijua tangu kabla ya saa sita. Na ukweli ule, kama tungeupata saa ile, ulikuwa na thamani ya pesa. Baadaye tuliambiwa na kampuni ya pili kwamba abiria akipiga simu kabla ndege yao haijaondoka, anaweza kuhamishiwa siku nyingine kwa kulipa faini ndogo. Ikishaondoka bila yeye, anaandikwa kuwa hakutokea, na tiketi imekufa. Sisi tulikuwa Luano, simu mkononi, na saa nzima nzima za kupiga. Tuliambiwa tungoje kidogo.

Tuliondoka 16:45. Tulitua 20:35 za kule. Tulikimbia, hata Yaya alikimbia na viatu mkononi, tukijua wote kwamba tunakimbilia kitu kilichokwisha kuondoka.

Kwenye gishe (dirisha la huduma) ya kampuni ya kwanza walisema: tiketi yenu na sisi inaishia hapa, tumewafikisha. Kwenye gishe ya kampuni ya pili walisema: hamkutokea. Mkongo mmoja aliyekuwa kwenye foleni alitutafsiria Kiingereza chao. Ndipo tukaelewa. Ajansi ilikuwa imenunua tiketi mbili kwa kampuni mbili zisizo na mapatano, ikazichapa kwenye karatasi moja. Kampuni ya kwanza haikuwa na habari kwamba tunaendelea. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wajibu wa kutupa kitanda usiku ule wala kikombe cha chai. Yule dada wa gishe aliangalia tena kwenye kompyuta yake, akasema pole, na ya kurudi nayo imefutwa. Sikujua kama hilo linawezekana. Ndivyo kampuni nyingi zinavyofanya: ukiacha kipande cha kwanza cha tiketi, vipande vinavyofuata vinafutwa vyenyewe.

Tulilala kwenye viti vya chuma. Dawa za tension (presha) za Yaya zilikuwa kwenye valizi, na valizi hazikupitishwa mpaka Zanzibar, kwa sababu ile ile ya tiketi mbili. Zilikuwa zinazunguka upande wa pili wa uhamiaji. Karibu na saa sita ya usiku afisa mmoja alimruhusu Mama wa Mapasa apite akazichukue. Mungu amkumbuke. Na wewe unayesoma, dawa zako zikae kwenye mkoba wa mkononi, hata kama ni safari ya saa moja.

Nafasi za kwenda Zanzibar zilikuwa zimejaa, mwezi wa nane kila mtu anaenda. Tulipata za Alhamisi jioni, dola 190 kwa kila mmoja, na dola 60 nyingine za kufufua ile ya kurudi. Kwa watu sita ni dola 1,500. Sanduku letu lilikuwa limebaki na dola 820. Mtoto wangu wa kwanza alikopa dola 900 kwa majirani wawili wa kibanda changu na kuzituma. Tukabaki na dola 220, mama sita, kwa likizo tuliyoiwekea akiba miaka mitatu.

Tulifika. Siku mbili na usiku mbili zilikuwa zimekwisha, na mtumbwi wa Kizimkazi tuliokuwa tumeulipia mapema ulikwenda bila sisi. Mwenye nyumba ya kulala, huko Mji Mkongwe, hakutudai zile siku mbili, ingawa alikuwa na haki. Forodhani, ambako tulipanga kula kila jioni, tulikwenda mara moja, tukagawana urojo bakuli mbili. Watu walitusikia tunasema bilamba na bintu (vitu), wakacheka vizuri, wakatuuliza tumetoka wapi.

Ijumaa asubuhi tulikwenda Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Leo pana kanisa kuu la Waanglikana. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu wamesimama na minyororo shingoni. Tulikuwa tumepanga kupaona siku ya kwanza tukiwa na nguvu, halafu siku nzima tukae na Yaya atueleze. Alikuja amechoka, miguu imevimba kwa zile viti. Alisimama mbele ya shimo muda mrefu, hakueleza kitu. Kisha akasema: “Njo hapa,” yaani ndipo hapa. Akakaa kwenye ukuta, akaomba maji, tukamrudisha kulala. Yale mafundisho aliyoyabeba kwa ajili yetu hatukuyapata pale. Hakuna kampuni itakayoweza kuyalipa.

Sasa nirudi kwenye tiketi. Mtoto wa ndugu yangu anasoma sheria, ndiye aliyetufumbua macho tuliporudi. Angalia namba ya kuhifadhia nafasi, ile ya herufi na tarakimu sita. Ikiwa ni moja kwa safari yote, na vipande vyote viko ndani ya tiketi moja, kampuni ikichelewesha ndege ya kwanza inapaswa kukutafutia nyingine ya kukufikisha mwisho. Ukiona namba mbili, uliza hapo hapo, kabla ya kulipa. Uliza pia: mzigo wangu utaandikwa mpaka wapi? Jibu likiwa ni mji wa katikati, jua una safari mbili, na acha hata siku nzima kati yake. Mimi ningelala kule usiku mmoja kwa hiari yangu, kitandani, kuliko usiku mbili kwenye kiti.

Tena alituambia kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao nchi yetu imo ndani yake. Kifungu cha 19 kinasema kampuni inawajibika kwa hasara iliyoletwa na ucheleweshaji kwenye safari ya kimataifa, isipokuwa ithibitishe kwamba yenyewe na watu wake walichukua hatua zote zinazofaa kuizuia hasara hiyo, au hazikuwezekana. Na una miaka miwili ya kwenda mahakamani, baada ya hapo haki inakufa. Kwa bahati, Mama wa Mapasa hatupi karatasi. Kadi za kupandia ndege, risiti za tiketi mpya, risiti ya mtumbwi, zote zilikuwa kwenye sanduku.

Ninachoomba kwa ajansi za Lubumbashi ni sentensi moja, isemwe kwa mdomo, kwa Kiswahili, kabla pesa haijahesabiwa: “Mama, hizi ni tiketi mbili, ya kwanza ikichelewa, ya pili utaipoteza.” Mimi nikimuuzia mtu kitenge chenye doa, namwonyesha doa. Wakubwa wa usafiri wa anga wangeweza kuwalazimisha waliandike juu ya karatasi kwa herufi za kuonekana, na siyo kazi ngumu. Watu wengi wa hapa hawanunui kwenye intaneti. Tunamwamini kijana aliye mbele yetu. Huenda na yeye hakufundishwa. Basi afundishwe.

Na kwa kampuni: mkijua saa tano kwamba ndege haitafika kabla ya saa kumi, semeni saa tano. Kuna mama mlangoni anayeweza bado kuokoa dola zake kwa simu moja.

Barua yetu ya madai tumeipeleka kwa kampuni ya kwanza na kwa ajansi, siku moja, tukiwa sita, na kitenge chetu kile. Walipiga muhuri kwenye nakala zetu. Hii ni juma la tano, hawajajibu. Nakala ziko ndani ya sanduku, pamoja na dola 8 za kila mama, maana Jumamosi iliyofuata kurudi kwetu Yaya alikuja sokoni na zake mkononi. Tunalipa kwanza deni la majirani wangu wawili.

Mama muuza bilamba,
Soko la Kenya, Lubumbashi