Mbingu ya Minecraft ni ya ikweta, ila mwezi wake msiufuate

Mhariri,

Makala yenu ya likizo kuhusu watoto na gemu yaliwashauri wazazi wawaache watoto wajifunze nyota kwenye Minecraft, gemu la kujenga dunia kwa matofali, kwa kuwa mbingu yake “ni kama yetu”. Upande mmoja wa maneno hayo ni kweli kuliko mwandishi alivyodhani. Upande wa pili utamfanya mtoto asimame uwanjani akitafuta mwezi mwandamo mashariki. Naomba nafasi nieleze kipi kichukuliwe na kipi kiachwe, na namna ya kupima. Nazungumzia toleo la kompyuta, lile la Java. La simu lina mambo yake na silihesabu hapa.

Nianze na kilicho sahihi. Ndani ya gemu jua huchomoza mashariki kamili, hupita utosini na kuzama magharibi kamili. Nyota zimefungwa kwenye tufe moja na jua, na tufe hilo huzunguka kwa mhimili uliolala kutoka kaskazini kwenda kusini. Maana yake ncha zote mbili za anga ziko kwenye upeo wa macho: nyota za mashariki hupanda wima, na zile za kaskazini huchora nusu duara kuzunguka nukta iliyogusa ardhi. Hivyo ndivyo mbingu inavyokwenda Nanyuki au Mbandaka, palipopita ikweta. Tanga, iliyo digrii 5 kusini, ncha ya kusini imeinuka digrii 5 tu. Vitabu vingi vya shule vimechorwa kwa mtu aliyeko Ulaya, ambaye nyota ya kaskazini iko juu sana na nyota nyingi hazizami kamwe. Mtoto wa Tanga akitoka nje na picha hiyo haoni kinachofanana nayo. Kwa mwendo wa anga, gemu hili linamfaa kuliko kitabu.

Hata saa inatukubali. Siku ya gemu ina tiki 24,000 (tiki ni kipande kidogo cha muda wa gemu), nazo humalizika kwa dakika 20. Hesabu inaanza sifuri asubuhi, kwa hiyo tiki 1,000 ni saa 1 asubuhi, 6,000 ni saa 6 mchana, 13,000 ni saa 1 usiku na 18,000 ni saa 6 usiku. Mzungumzaji wa Kiingereza lazima aongeze sita kila mara. Sisi tunasoma moja kwa moja.

Sasa vipimo. Fungua dunia mpya ya Creative, aina ya Superflat ili milima isizibe upeo, na uruhusu amri. Kwenye mipangilio ya picha zima mawingu. Kisha andika amri hizi, moja baada ya nyingine:

/weather clear
/gamerule doDaylightCycle false
/time set 15000
/tp @s ~ ~ ~ -90 -30

Ya kwanza inaondoa mvua, kwa sababu mvua hufuta nyota zote. Ya pili inasimamisha saa; bila hiyo anga hukimbia zaidi ya digrii 15 kila dakika, na utakuwa unapima kitu kinachohama. Gemu likilikataa jina hilo, andika /gamerule na nafasi, orodha itajitokeza. Matoleo mapya yamebadilisha majina ya kanuni hizi. Ya tatu inaweka saa 3 usiku. Ya nne inakuelekeza mashariki kamili, digrii 30 juu ya upeo. Hapo ndipo wengi hukosea: katika gemu hili kutazama juu ni namba hasi. Utosini ni -90, upeo ni 0, miguuni ni 90. Kwa pande, kusini ni 0, magharibi 90, kaskazini 180 na mashariki -90. Bonyeza F3 utaziona namba hizo kwenye mstari wa Facing, ndani ya mabano, upande kwanza na mwinuko baadaye.

Chagua nyota iliyo karibu kabisa na kitovu cha skrini na uchore majirani zake wanne au watano kwenye karatasi, maana nyota zote za gemu ni nyeupe na utaipoteza. Andika /time add 1000, yaani songeza saa moja, kisha inua macho taratibu bila kugeuka mpaka uipate tena. Mwanafunzi aliyesoma kwamba anga huzunguka digrii 15 kwa saa ataitafuta kwenye 45, asiione pale, na kudhani kosa ni lake. Iko kwenye 47 na kidogo. Songeza tena, iko 65. Songeza tena ifike saa 6 usiku, iko karibu 83.

Kosa si la mwanafunzi. Anga la gemu haliendi kwa mwendo mmoja. Adhuhuri jua hutembea kama digrii 10 kwa tiki 1,000; mwanzo wa usiku anga hutembea 16 na nusu; saa 6 usiku inakaribia 18. Waliolitengeneza waliufanya mchana uwe mrefu kuliko usiku, nadhani kwa kumhurumia mchezaji anayejenga. Ndiyo maana tiki 12,000, saa 12 jioni kwa hesabu, jua bado liko digrii 12 juu ya upeo. Linagusa upeo kwenye 12,786 hivi na kurudi kwenye 23,216 hivi. Kwa mwalimu hili ni somo zuri kuliko anga lililo sawasawa: mpe mwanafunzi grafu, achore mwinuko kwa saa, aone mstari unavyopinda, halafu aulize kama dunia yetu nayo hupinda hivyo. Haipindi. Nyota halisi huenda digrii 1 kila dakika 4, usiku kucha.

Tahadhari mbili za vipimo. Ukipita digrii 75 hivi kuelekea utosini, namba ya upande hubadilika sana huku kitovu cha skrini kikisogea kidogo tu kati ya nyota. Hapo amini mwinuko, upande upuuze. Na nyota ikishavuka utosini, geuka: sasa iko magharibi, kwa hiyo /tp iwe na 90 badala ya -90.

Makundi ya nyota ni habari nyingine. Usitafute Orioni wala Msalaba wa Kusini, hazimo. Nyota zimetawanywa kwa bahati nasibu inayoanzia mbegu moja isiyobadilika, yaani namba ya kuanzia hesabu, 10842. Programu hurusha nukta 1,500 ndani ya mche mraba na kubakiza zile zilizoangukia ndani ya tufe, takriban 780. Kwa kuwa mbegu ni ileile, anga ni lilelile katika kila dunia ya Java: ramani aliyochora mtoto wa Tanga inalingana na ya mtoto wa Muscat. Darasa linaweza kubuni makundi yake na kuyapa majina, ngalawa au jembe, na mwenzao aliyeko mbali akayathibitisha. Kwa kazi hiyo punguza FOV, yaani upana wa pembe ya kutazama, kutoka 70 ya kawaida hadi 30 na uliweke kundi katikati ya skrini. FOV ikiwa kubwa, kingo za picha hunyooshwa. Pembetatu ileile itaonekana nyembamba katikati na pana pembeni, na wanafunzi wawili watagombana bure. F1 huficha maandishi, F2 huhifadhi picha.

Wala msidhani mtoto anaweza kujifunza humo namna manahodha walivyoijua latitudo kwa kupima urefu wa nyota. Dunia ya gemu ni tambarare. Tembea matofali milioni moja kuelekea kaskazini, mbingu haitashuka wala kupanda hata chembe.

Nije kwenye mwezi, ambao ndio ulionifanya niandike. Gemu lina sura 8 za mwezi, sura moja kila usiku, kuanzia mwezi mpevu, na duru nzima huisha kwa dakika 160. Ufupi huo si tatizo. Tatizo ni kwamba mwezi umefungwa upande wa pili wa jua, sura yoyote iwayo. Jua likizama magharibi, mwezi unachomoza mashariki, hata ukiwa mwembamba kama ukucha. Saa 6 usiku uko utosini, hata ule wa giza. Mbinguni kwetu ni mwezi mpevu peke yake unaofanya hivyo. Mwezi mwembamba ni mwembamba kwa sababu uko karibu na jua tukiutazama kutoka huku, ndiyo maana hilali ya Ramadhani hutafutwa magharibi, chini, muda mfupi baada ya jua kuzama, na huzama upesi. Robo ya kwanza iko juu kabisa jua linapozama. Robo ya mwisho huchomoza karibu saa 6 usiku. Mtoto aliyeuzoea mwezi wa Minecraft hawezi kueleza lolote kati ya hayo, na akijaribu kuyaeleza kwa gemu atakosea kwa kujiamini.

Upungufu wa pili ni mwaka. Nanyuki jua hupita utosini siku mbili tu kwa mwaka, karibu Machi 21 na Septemba 23. Kwenye gemu hupita kila siku. Na kwa kuwa nyota zimegandamana na jua, nyota iliyo utosini saa 6 usiku leo itakuwa hapohapo daima. Mbingu yetu husogea: kila nyota huchomoza kama dakika 4 mapema kuliko jana, saa 2 kwa mwezi. Wazee waliosema Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, walikuwa wanasoma mwendo huo. Kilimia hupotea kwenye mwanga wa machweo kati ya mwisho wa Aprili na Mei, kisha huzuka alfajiri Juni. Katika gemu msemo huo hauna pa kusimama.

Kwa hiyo baada ya kipimo cha Minecraft, fungueni Stellarium, programu ya bure ya kompyuta. F6 huchagua mahali, wekeni Tanga. F5 huweka tarehe na saa, wekeni Februari 1, saa 1:30 usiku, ambayo yenyewe huandika 19:30. Tazameni kaskazini: Kilimia kiko huko, kama digrii 60 juu. Bonyezeni mabano ya mraba ya kufungia, ] , kila bonyezo ni wiki moja mbele. Kitateleza magharibi wiki hadi wiki, na kwenye bonyezo la 12, Aprili 26, kitakuwa digrii chache tu juu ya upeo. Siku 84 hizo kwenye Minecraft ni saa 28 za kucheza, na hakuna nyota hata moja itakayokuwa imehama.

Mwalimu wa Fizikia,
Tanga