Rekodi za Reiner hazikuzaliwa na sauti mbovu

Mhariri,

Ukurasa wenu wa muziki nimeusoma miaka mingi bila kunung'unika, lakini makala yenu kuhusu rekodi za kondakta Fritz Reiner na okestra yake, Chicago Symphony Orchestra, imenishinda. Mwandishi wenu anasema zina sauti mbovu kwa sababu ya uzee wake. Uzee si tatizo. Tatizo ni nakala anazosikiliza.

Machi 1954, mafundi wa kampuni ya rekodi ya RCA Victor walinasa Ein Heldenleben na Also sprach Zarathustra, tungo za okestra za Richard Strauss, kwa sterio ndani ya Orchestra Hall, ukumbi wa okestra hiyo, miaka minne kabla ya santuri za sterio kufika madukani. Baadaye wakahamia tepu ya njia tatu: kushoto, katikati na kulia. Hapo ndipo wengi huharibu. Anayezishusha njia tatu kuwa mbili lazima aigawe ile ya katikati pande zote. Akiizidisha, okestra nzima inajibana katikati. Akiipunguza, filimbi na obo zinafifia, pengo linabaki. Kisha wanakuja wanaoogopa mvumo wa tepu, ile 'shii' isiyokoma. Wanauchuja, na pamoja nao wanaondoa mlio wa matoazi na mwangwi wa ukumbi, yaani kile kile kilichofanya rekodi hizi zithaminiwe! Zarathustra huanza kwa noti ya C ya chini sana ya ogani na dobasi, mitetemo kama 33 kwa sekunde. Santuri niliyonunua kwa kuamini sifa za gazeti lenu imepunguzwa besi ili sindano isiruke, basi tarumbeta zinaingia juu ya ukimya. Hilo nalo ni kosa la Reiner?

Tena acheni kumpima Reiner kwa rekodi za Georg Solti, aliyeiongoza okestra hiyo baadaye, kana kwamba walicheza chini ya paa moja. Ukumbi ulikarabatiwa mwaka 1966, Reiner akiwa ameshafariki, na mwangwi wake ukaharibika. Simfoni Namba 5 ya Mahler, aliyoiongoza Solti mwaka 1970, ilirekodiwa Medinah Temple, ukumbi mwingine kabisa. Redio nazo zinapandisha sehemu za kunong'ona zilingane na za kishindo, kazi yote ya Reiner ya kupanga nguvu za sauti ikapotea.

Naomba chini ya kila tathmini mchapishe mstari mmoja: tarehe ya kurekodi, ukumbi, idadi ya njia za tepu na mwaka nakala ilipotengenezwa. Na kabla mwandishi wenu hajaandika tena, apewe spika zenye koni ya inchi 12, asikilize dakika mbili za mwanzo wa Zarathustra.

Msomaji wenu wa siku nyingi