Barua kwa Somoe: pa kubana na pa kuachia kwenye ghala la korosho

Shangani, Mtwara
Julai

Somo yangu Somoe,

Asalaam alaikum. Sisi hapa wazima, na salamu zako kwa mama zimefika.

Makisio yote matatu ya mafundi wa kulijenga ghala lako uliyonitumia nimeyapitia mstari kwa mstari. Unauliza kama umchukue yule wa bei ya chini, maana fedha uliyonayo haifiki hata kwa wa kati. Jumla ya chini ya karatasi iache kwanza. Shika kalamu, na kila kitu kilichoandikwa humo kiulizie jambo moja: kikiharibika, nitakifikia bila kubomoa? Mlango, rangi, taa, wavu wa dirisha na lipu unavifikia. Hata vikianza vya hali ya chini, msimu ukikulipa utavibadilisha. Msingi, nondo zilizomo ndani ya zege, jamvi (zege la sakafu) na nailoni iliyo chini yake huvifikii tena. Bana kwenye vile vya kwanza, achia kwenye hivi. Yule wa bei ya chini amefanya kinyume. Kaweka vigae vya ofisi na milango ya chuma, nailoni haimo kabisa, na jamvi kaliandikia 1:3:6, yaani saruji moja, mchanga tatu, kokoto sita.

Nianze na hilo jamvi, maana saruji nyingi inaishia hapo na korosho zinaharibikia hapo. Mita 10 kwa 20 ni mita za mraba 200. Unene wa sentimita 15 unakula mita za ujazo 30 za zege. Kwa 1:2:4 ni kama mifuko sita na nusu ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, yaani mifuko 195 hivi. Kwa 1:3:6 inashuka hadi kama 130. Mifuko 65 inavutia, najua, lakini sakafu hiyo itatoa vumbi na kuchimbika kila mkokoteni unapopita.

Ukitaka kuokoa saruji, punguza unene na uache mchanganyiko kama ulivyo. Magunia ya kilo 80 yakipangwa kumi kwenda juu yanashusha kama tani moja na nusu kwa mita ya mraba. Sentimita 12.5 za zege zuri juu ya ardhi iliyoshindiliwa sawasawa zinaubeba mzigo huo, ilimradi lori lisiingie ndani, lishushie mlangoni. Hapo umeokoa mita za ujazo 5, mifuko 32 hivi pamoja na kokoto na mchanga wake.

Sehemu ya fedha hiyo ipeleke chini ya jamvi. Kifusi kiwekwe kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, na kila tabaka limwagiwe maji lishindiliwe kwa kompakta ya kukodi kabla ya kuweka jingine. Kifusi kikimwagwa chote kwa mkupuo, juu kitaonekana kigumu na chini kitabaki na uwazi. Kitatitia baadaye, na jamvi litapasuka hata lingekuwa na sentimita 20. Juu ya kifusi tandaza mchanga kidogo ili mawe yasitoboe, kisha nailoni nzito ya geji 1000. Maungio yapandane sentimita 30, na kingo zipandishwe zikutane na nailoni inayolazwa ndani ya ukuta kuzuia unyevu. Unyevu wa ardhini hupanda kupitia zege bila wewe kuona tone. Korosho ghafi inatakiwa iingie ghalani na unyevu usiozidi asilimia 10. Ikianza kuvuta maji, magunia ya chini yanaota ukungu, kokwa inabadilika rangi, na siku ya kupima ubora bei inaanguka. Chaga zinapitisha hewa chini ya magunia, lakini mvuke wa sakafu hazijauzuia.

Jamvi lisimwagwe kipande kimoja. Upande wa mita 10 ugawe mara tatu, wa 20 mara tano, upate vipande 15 vya karibu mita 3.3 kwa 4. Zege likikauka husinyaa. Ukiliwekea maungio litapasuka humo, usipoliwekea litachagua lenyewe.

Kuna ubora usiogharimu karibu kitu, na ndio unaopotea sana saiti: maji. Mfuko mmoja wa saruji unatosheka na lita 25, yaani ndoo kubwa ya lita 20 na robo yake, na mchanga ukiwa umelowa unapunguza tena. Vibarua huongeza ili zege liteleze wasichoke kulisukuma. Yale maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu, nguvu inashuka, na chumvi inapata njia ya kuingia. Mweke mtu wa kuhesabu ndoo. Zege likishashika, lifunikwe na lilowe siku 7 mfululizo, bila kuruka hata moja. Huyo wa kumwagilia umlipe wewe mwenyewe, asiwe chini ya fundi.

Nondo usinunue kwa macho. Mm 12 halisi ya urefu wa mita 12 ina kilo 10.66. Azima mzani wa kupimia korosho, weka nondo kumi, ugawe kwa kumi. Ukipata kilo 8.9 kila moja, umeuziwa mm 11 kwa jina la 12, na chuma kimepungua asilimia 16. Kama ni fupi, zidisha urefu wake kwa 0.888 upate uzito unaotakiwa. Bei ya nondo igawe kwa kilo zake ndipo ulinganishe duka na duka. Mara nyingi ule urahisi unayeyuka hapo hapo.

Na kwa kuwa kiwanja chako kiko jirani na bahari, zege la nguzo na mikanda ya nje lifunike nondo kwa sentimita 5. Fundi afyatue vibiskuti vya zege vya kipimo hicho vya kutenga nondo na ubao, asitumie vijiwe. Kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Mchanga wa pwani, hata ukipewa bure, usiuguse.

Saruji tuna nafuu huku kusini, kiwanda cha Dangote kipo hapa Mtwara tangu 2015. Yenye daraja la nguvu la 42.5 iwe ya jamvi, nguzo na linta, ya 32.5 inatosha kujengea na kupigia lipu. Kulipia 42.5 kila mahali ni hasara.

Bati usiulize geji peke yake. Jirani na bahari bati linaokolewa na tabaka linalofunika chuma. Uliza limepakwa nini na gramu ngapi kwa mita ya mraba: alama ya AZ150 ni aluminiamu na zinki gramu 150, pande mbili zikijumlishwa. Kutu huanzia chini ya vipenu, ambako mvua haioshi chumvi, na kwenye matundu ya misumari. Tumia skrubu zenye raba. Bati likatwe kwa mkasi, maana cheche za grenda hunasa juu yake na kuota madoa ya kutu. Mbao za kenchi zipigwe dawa, mchwa wa huko unawajua.

Basi pa kubana ni hapa: ofisi isubiri, vigae ufute, lipu ya ndani iache mwaka huu, kuta zipakwe chokaa, milango iwe ya mbao ngumu. Kuta za nje zifungwe maungio ya matofali vizuri tu. Magunia yasiegemee ukuta. Acha mita moja ya kupita.

Kuhusu fundi, namuona yule wa kati ndiye wa kuzungumza naye, lakini vifaa nunua wewe, yeye umlipe ufundi kwa hatua. Asilimia 10 ya ufundi ishikilie mpaka masika yapite, na hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hajachimba.

Nitumie vipimo vya nguzo na picha ya mzani ukishapima nondo, nikupigie hesabu ya ringi za kufungia nondo za nguzo. Wasalimie wote.

Wako,
Zuhura