Tajeni mji, tarehe iacheni

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu nyingi kwako, kwa mkwe wangu na kwa wajukuu wangu, nakuarifu kwamba barua yako imenifikia hapa Mombasa pamoja na ratiba uliyoiambatisha, na kusema kweli ratiba ndiyo niliyoisoma mara nyingi zaidi. Nimefurahi kusikia kwamba mashua ya kuishi na kusafiria mmeshaipata, kwamba shule mmeiarifu kwa maandishi kuwa watoto watasomeshwa na wazazi wao, na kwamba mnaanzia Ugiriki, ambako kupwa na kujaa kwa maji ni kudogo mno. Nina neno moja tu, nalo ni juu ya ile safu ya tarehe. Mmeandika kuwa mtaondoka bandari ya Lavrio, karibu na Athens, tarehe 28 Julai, mpitie visiwa vya Kythnos, Paros na Amorgos, mfike kisiwa cha Kos tarehe 5 Agosti, na tarehe 10 mnipokee uwanja wa ndege wa Rhodes. Nakuomba uifute safu hiyo yote.

Wewe ungali mdogo nilipokuwa baharia katika mashua za watu huko, na Agosti ya Aegean, bahari iliyo kati ya Ugiriki na Uturuki, naijua. Kuna upepo wa kaskazini ambao Wagiriki wanauita meltemi, unaoanza kuvuma mwezi wa Juni na kukaza Julai na Agosti, na asili yake ina undugu na kusi yetu, kwa kuwa joto lile lile la kiangazi linaloshusha mgandamizo wa hewa juu ya bara la Asia na kuuvuta upepo wa kusi kutoka kwetu kwenda Bara Hindi, hufika hadi Uturuki, na hewa nzito iliyo juu ya nchi za Balkani humiminika kulielekea. Ukishika, unaweza kukaa siku kadhaa mfululizo bila kupumzika, tena kwa nguvu ya 7 katika kipimo cha Beaufort, yaani kilomita 50 hadi 61 kwa saa. Balaa lake ni kwamba mbingu hubaki buluu, bila wingu la kukuonya, na mtu aliyekaa mkahawani nyuma ya kilima huona ni siku njema ya kusafiri. Upande wa kisiwa uliokingwa na upepo, ambako ungetarajia shwari, upepo huporomoka kutoka mlimani kwa mapigo ya ghafla yanayoweza kuilaza mashua ubavu.

Mara nyingi nimeona mashua ikitweka tanga siku ambayo wavuvi wa hapo wameziacha zao gatini, na ukiuliza, ndani yake mna mtu anayewahi ndege. Hao si watu wasiojua bahari, bali ni watu walioahidi. Ukiwa peke yako na mumeo mnaweza kupunguza tanga, mkavumilia na mkafika mmelowa, lakini mtoto wa miaka mitano aliyetapika tangu alfajiri katika bahari iliyo wazi kati ya Amorgos na Kos hatataka tena kupanda chomboni, na nyinyi mtakuwa mmeishi ndani ya nyumba ambayo mtoto anaiogopa. Kwa sababu hiyo ninasema mtu akiwauliza, mtajieni mji au mtajieni tarehe, msimpe vyote viwili.

Marehemu babu yako, aliyekuwa nahodha wa jahazi, hakupata kuandika tarehe ya kufika. Majahazi yalishuka kutoka Ghuba kwa kaskazi, kuanzia Desemba, yakarudi kwa kusi ilipoanza, na kusi ilipochachamaa mwezi wa Juni na Julai watu walisema bahari imefungwa, wakavuta vyombo ufukoni, wakavipaka sifa, yaani mafuta ya papa, na kungoja. Mfanyabiashara wa boriti alijua msimu, hakujua siku, na biashara ilikwenda.

Iko kalenda moja, hata hivyo, ambayo lazima muitii, nayo haihusiani na upepo. Kwa kuwa pasi zenu ni za Uingereza, mnaruhusiwa kukaa katika nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa mipaka baina yao, Ugiriki ikiwemo, siku 90 tu ndani ya kila siku 180, na Uturuki nayo ina hesabu kama hiyo iliyo yake peke yake. Mashua ina hesabu nyingine kabisa ya muda, kwa sababu ikisajiliwa Uingereza na wenyewe mkiwa wakazi wa huko inaweza kubaki katika maji ya Umoja wa Ulaya miezi 18 bila kutozwa kodi ya ongezeko la thamani. Familia nyingi hujikuta chombo kimeruhusiwa kukaa na watu hawajaruhusiwa. Hesabuni kurudi nyuma kutoka siku ya 90, mkijiachia siku kumi za kupoteza, maana afisa wa uhamiaji hatakubali kisingizio cha meltemi. Kos na mji wa Bodrum ulio Uturuki zinaonana kwa macho, lakini kabla ya kuvuka sharti pasi zikaguliwe na uhamiaji na mamlaka ya bandari waipe mashua ruhusa ya maandishi ya kuondoka, kisha mkiingia maji ya Uturuki mpandishe bendera ya nchi hiyo upande wa kulia wa mlingoti pamoja na ile ya manjano ya kuomba ruhusa ya kuingia, mwende moja kwa moja kwenye bandari rasmi ya kuingilia, na mumtafute wakala awaandalie waraka wa safari. Asubuhi nzima itaishia hapo. Watoto wapeni vitabu.

Kufika kwenyewe nako kunadai muda. Bandari ndogo kama ya kisiwa cha Symi hujaa mapema alasiri, na mnaingia kwa tezi, yaani nyuma ya mashua ikitangulia: nanga mnaidondosha mbali na gati, mnarudi nyuma huku mnyororo ukitoka, mnafunga kamba mbili nchi kavu. Ikiwa upepo unapiga ubavuni na jirani amelala, kazi hiyo ina fedheha nyingi. Asubuhi yake mtakapovuta nanga mtakuta mnyororo wa mwenzenu umeulalia wenu. Msipige kelele. Vuteni taratibu mpaka mnyororo wake utokeze juu ya maji, mmoja wenu alale kifudifudi kwenye omo, yaani mbele ya mashua, apitishe kamba chini yake na kuzifunga ncha zote mbili chomboni. Kisha teremsheni nanga yenu kidogo hadi ijichomoe, mwachie ncha moja ya kamba, na mnyororo wa mwenyewe utazama tena. Mtu mwenye haraka ya kuwahi Rhodes hufanya njia ya mkato hapo, akaing'oa nanga ya jirani na kuiacha mashua ya watu ikigonga gati.

Siku za kungojea upepo zifanyeni siku za shule, kwa kuwa hesabu haziandikiki meza ikiinama. Nazo ndizo siku ambazo wajukuu wangu watamjua mwoka mikate kwa jina na kutumwa peke yao kununua, na mji utaacha kuwa picha. Maji ya tangi yapimeni kwa lita kila jioni, vyombo visuuzwe kwanza kwa maji ya bahari. Mengine ya namna hiyo mtajifunza wenyewe.

Kwa hiyo tiketi ya Rhodes msininunulie. Nitaomba viza ya Uturuki na kuja mwishoni mwa Septemba, upepo ukiwa umelegea, nipitie Istanbul hadi uwanja wa Dalaman. Siku mbili kabla, niandikieni mmetia nanga wapi, iwe Marmaris, Göcek au Fethiye, nami nitawafuata kwa basi, maana ni rahisi zaidi kwa mzee kubadilisha gari kuliko mashua kubadilisha upepo. Mkiwa mmekwama Kos hadi wakati huo, nitalala hotelini Bodrum na kuwangoja.

Katika jibu lako nieleze kama jaketi za kuokolea maisha za watoto zina mkanda wa kupita katikati ya miguu, na kama mmeshawatia majini wakiwa wamezivaa, kwa sababu jambo hilo hukuligusa kabisa.

Wasalaam,
Baba yako