Nilihitaji kamba, nikapewa kofia

Mhariri,

Miaka kumi na tisa nanunua gazeti lako na siku zote nimekaa kimya, hata mlipokosea siku ya Idi. Lakini ile habari ya juma lililopita, ya wakubwa wetu kutaka makampuni yadhamini magari ya kuwasaidia madereva waliokwama barabarani, imenishinda. Mliisifu mno. Na picha yenyewe! Gari jipya linametameta, mbele yake wamejipanga watu wenye fulana za aina moja, na hakuna hata mmoja aliyeshika spana. Wale watu nawajua, mhariri. Nimeshakutana nao juu ya Daraja la Nyali, hapa Mombasa.

Mimi ni mpishi wa arusi. Jumapili moja saa tano na nusu nimetoka Majengo na sufuria mbili za pilau, moja ya mbuzi moja ya kuku, na ndoo ya kachumbari, naenda Bamburi ambako watu wanakula baada ya sala ya adhuhuri. Gari langu, Probox, limepanda daraja vizuri. Kufika katikati, mshale wa joto umegonga mwisho, mvuke unafoka kwenye boneti, gari kimya. Mpwa wangu anayeniendesha akashuka, akafungua boneti, akafunga, akafungua tena, kama kwamba mara ya pili kungekuwa na injini nyingine. Nyuma yetu honi. Akaja askari wa trafiki akaniambia, “Mama, toa gari.” Nikamuuliza, baba, ningekuwa na uwezo wa kulitoa ningekuwa nimesimama hapa na buibui langu juani? Akaenda zake. Haikupita muda ikaja bredauni, lile gari la kuvuta magari mabovu, sijui nani aliyeiita, na dereva wake bila hata salamu akataja shilingi elfu nane kunivuta mpaka Kongowea, mwendo ambao tuktuk wanakwenda kwa noti ndogo. Nikakataa. Akaniambia nitakubali tu, akaegesha mbele yangu akawasha sigara, na sasa njia imezibwa na magari mawili badala ya moja. Ndipo lilipofika lori la matangazo la kampuni moja kubwa, spika mbili juu, vijana wanacheza, na likakwama papo hapo nyuma yangu kwa sababu yangu. Nikashukuru Mungu. Lori kubwa namna ile, vijana wanane wenye nguvu! Nikamfuata msichana aliyekuwa na kipaza sauti nikamuuliza, “Mwanangu, mna kamba?” Akacheka kwa adabu. “Hatuna, mama, sisi ni wa promosheni tu.” Kisha akanitazama, akanionea huruma ya kweli, sikatai, akaingiza mkono kwenye boksi akanipa kofia. “Vaa mama, jua kali.” Na kabla hajarudi garini akaniuliza namba yangu ya simu anisajili.

Aliyenitoa pale alikuwa hamali wa mkokoteni anayeuza maji. Aliweka breki za miguu yake, akanipa shikamoo, akamzuia mpwa wangu asifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ingali moto kwa kuwa maji yangemchoma uso, tukangoja, kisha akamimina mtungi mmoja wa maji polepole huku akiniambia mkanda wa feni umelegea. Akaukaza kwa spana ya kuazima. Kwa nani? Kwa yule wa bredauni. Nilimpa mia tatu na sahani ya pilau. Bamburi nilifika saa nane, na mama wa bibi arusi hadi leo akiniona sokoni anageuza shingo.

Sasa, mhariri, nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na udhamini. Mwanangu wa kiume anakaa Marekani, jimbo la Florida, na huko yapo magari yaitwayo Road Rangers yanayozunguka kwenye barabara kuu. Ukiishiwa mafuta wanakupa kidogo ya kufikia kituo, pancha wanakubadilishia gurudumu, betri ikifa wanaishtua, gari likizima katikati wanalisukuma pembeni, na hawachukui senti. Kwa miaka kadhaa ubavuni yaliandikwa jina la kampuni ya bima, State Farm, herufi kubwa. Kampuni hiyo hiyo ilitia jina lake kwenye magari ya namna hiyo katika majimbo mengine pia. Nilimuuliza mwanangu kwa nini bima. Akanicheka: mama, gari lililosimama njiani ndilo linalogongwa na la pili, na la pili likigonga wanaolipa ni akina nani? Kwa hiyo haikuwa sadaka. Ni mtu anayepunguza hasara yake, na mimi mfanyabiashara hilo nalielewa kabisa.

Lakini angalieni mpangilio. Huko gari lilitangulia, jina likafuata. Huduma ni ya serikali ya jimbo, ilikuwapo kabla ya mdhamini kutokea, na mdhamini akichoka kesho wanabandua stika na gari linaendelea kuzunguka. Chicago magari kama hayo yalianza mwaka 1960, kabla mimi sijazaliwa, na hayakungoja mtu wa kuyapamba. Sisi kwenye habari yenu tunaanza na stika. Gari litakuja “wadhamini wakipatikana”. Na wakipatikana kisha bajeti yao ya matangazo ikabadilika Juni? Mimi nitakuwa darajani namngojea meneja wa masoko amalize mkutano?

Na mbona tunaongea kana kwamba hakuna aliyelipa? Kila lita ya mafuta ninayotia ina ushuru wa kutunza barabara. Ulikuwa shilingi 18, tangu Julai 2024 ni 25. Mimi kwa wiki natia lita 20. Hiyo ni shilingi 500 kila wiki, 26,000 kwa mwaka, kutoka kwa Probox moja inayobeba sufuria. Mtaniambia fedha zile ni za lami, si za kamba. Sawa. Basi barabara iliyozibwa na gari bovu saa nzima inatunzwa vipi? Marehemu baba alinisimulia kwamba daraja la zamani la Nyali, lile la kuelea kabla hili halijafunguliwa mwaka 1980, lilikuwa la kulipia, ukitoa hela yako unaona hela imekwenda wapi, ile pale inaelea. Mimi yangu siioni. Kama jina la mdhamini ni lazima liandikwe mlangoni, naomba waanze na langu.

Wadhamini wenyewe nao tunawajua. Ipo raundabauti moja hapa mjini, siitaji, kampuni iliombwa iipendezeshe. Wakaja na waandishi, wakapanda maua, wakasimika kibao kikubwa kuliko maua. Maua yalikufa kabla ya mvua za masika. Kibao kingali kinang'aa, na usiku kina taa, wakati taa za barabara zilizo juu yake hazijawaka siku nyingi. Ukija kwa miguu kutoka upande wa pili kibao kinakuziba huoni matatu inayokuja, unachungulia kama mwizi. Nani alitoa ruhusa mabango yasimame mahali watu wanapopita? Mama mwenye mtoto mgongoni anashuka barabarani kulipisha bango! Na tukiwa hapo hapo, kuna hawa madereva wa malori kuanzia Mazeras kupanda Mariakani. Lori likiharibika wanakata matawi wanayatandaza njiani kama alama, na mawe makubwa wanayaweka chini ya magurudumu. Hilo la matawi nawasamehe, usiku bila hayo ungeingia uvunguni mwa trela. Lakini lori likipona wanaondoka, mawe wanayaacha katikati ya lami. Shemeji yangu alilipia jiwe la namna hiyo kwa sampo ya injini, lile beseni la oili lililo chini yake, na kulala Mazeras usiku kucha.

Basi mimi natoa pendekezo langu, bure, bila mdhamini. Silitaki lile gari la pichani. Nataka pikapu mbili kuukuu, moja ikae darajani upande wa Buxton, nyingine upande wa Kongowea, kuanzia saa tano hadi saa nane mchana na kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku. Ndani iwe na kamba ya mita tano isiyo na fundo, jeki, mitungi miwili ya maji, vile vipembetatu vyekundu vya kuonya, na kijana mmoja anayejua mkanda wa feni ni upi. Yule hamali wangu ninaweza kumtafuta, kwa kawaida yuko karibu na soko la Kongowea alfajiri. Mshahara wake utoke kwenye zile 25 zetu. Bei ya kuvutwa iandikwe kwenye ubao, ili yule wa elfu nane atafute kazi nyingine. Baada ya hapo kampuni yoyote ikaribie. Rangi wachague wao, hata waridi. Ila jina lao lisiandikwe mlangoni, liandikwe kwenye kamba, urefu wake wote, ili siku ikikatika tujue ilikuwa ya nani.

Ile kofia bado ninayo, nimeitundika jikoni, na jina la kampuni halijafifia hata kidogo. Mwenyewe akiitaka aje Majengo aichukue. Aje na kamba.

Mama Pilau,
Majengo, Mombasa