Jeni pekee hazielezi ugonjwa wa Paget

Mhariri,

Makala yenu kuhusu ugonjwa wa Paget, unaoharibu mifupa, iliuita ugonjwa wa ukoo, ikaishia hapo. Sikatai kwamba unarithiwa. Mwaka 2002 watafiti wa Quebec, Kanada, walitambua kasoro kwenye jeni ya SQSTM1 miongoni mwa wagonjwa, na zipo familia ambazo mifupa hunenepa na kupinda kizazi baada ya kizazi. Ila wagonjwa wengi hawana kasoro hiyo.

Isitoshe, ugonjwa wenyewe unapungua. Picha za eksirei zilizokaguliwa Uingereza miaka ya 1970, zikalinganishwa na za miaka ya 1990, zilionyesha kuwa kiwango chake kwa watu wa umri wa miaka 55 na zaidi kimeshuka kwa takribani nusu. Jeni za taifa hazibadiliki kwa miaka ishirini! Kilichobadilika ni mazingira.

Mwaka 1974 watafiti wa Ufaransa waliona, ndani ya seli zinazomeng'enya mfupa, maumbo yanayofanana na virusi. Vikashukiwa virusi vya surua, baadaye vya distempa, ugonjwa wa mbwa. Tangu hapo maabara zimevutana: hii inapata chembe za virusi, ile inatafuta isione kitu. Wala chanjo ya surua haielezi kupungua huko, kwani Uingereza ilianza kuitoa mwaka 1968, wakati wazee waliopigwa picha hizo walikuwa watu wazima tayari. Wengine wanaitazama miji ya viwanda vya pamba ya Lancashire, Uingereza, ambako ugonjwa ulikithiri, na kuhoji kuhusu dawa ya kuua wadudu yenye sumu ya arseniki iliyopuliziwa pamba mashambani. Haijathibitishwa, lakini inastahili kuchunguzwa.

Msomaji asimfukuze mbwa wake kwa sababu ya barua hii, wala asimwogope mgonjwa. Hakuna ushahidi kwamba ugonjwa huu huambukizwa na aliye nao.

Ninachosisitiza ni hiki: wanaoweza kutusaidia ni wazee, na wanaondoka. Kliniki za mifupa huandika majibu ya damu na picha, ila ni nadra kumuuliza mgonjwa alilelewa wapi, wazazi wake walifanya kazi gani, walifuga nini, aliugua nini utotoni. Maswali hayo yaingizwe kwenye faili la kila mgonjwa mpya. Na msomaji mwenye mzazi mgonjwa amuulize leo, ayaandike majibu, ampelekee daktari.

Msomaji wenu